Shimesikio la nyuma ya sikio kwa mtoto wa chini ya miaka 5: tathmini ya kifaa, moldi na betri

Vifaa vya kusaidia kusikia viko vya aina nyingi, lakini kwa mtoto ambaye bado anajifunza kusema, chaguo la kwanza karibu siku zote ni moja: shimesikio linalokaa nyuma ya sikio, likiunganishwa kwa mrija na moldi laini iliyotengenezwa kwa kipimo cha sikio lake. Hiyo ndiyo tunayoitathmini hapa, iwe ni Phonak ya familia ya Sky, Oticon ya familia ya Play, au ya kampuni nyingine yenye modeli za watoto. Hatushindanishi nembo. Swali letu ni kama kifaa kinamfikishia mtoto sauti zote za lugha, tangu anapoamka hadi anapolala.

Mtu mzima anayeanza kupoteza usikivu hujaziliza. Akikosa neno moja kati ya matano, lugha iliyomo kichwani humsaidia kubahatisha lililobaki. Mtoto wa miezi 8 hana cha kujaziliza nacho, kwa sababu lugha yenyewe ndiyo anayoikusanya. Mtoto anayesikia huanza kutoa silabi kamili za "bababa" na "mamama" kati ya miezi 6 na 10. Mtoto kiziwi huchelewa, mara nyingi hadi baada ya mwezi wa 11, na silabi zake huwa chache. Ndiyo maana ratiba inayofuatwa na wataalamu ni 1-3-6: apimwe kabla ya mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Utafiti wa Christine Yoshinaga-Itano na wenzake kule Colorado, uliochapishwa mwaka 1998, ulionyesha kwamba watoto waliogunduliwa kabla ya miezi 6 walikuwa na lugha bora kuliko waliogunduliwa baadaye, hata pale kiwango cha uziwi kilipokuwa sawa.

Kiswahili kina jambo lake ambalo vijitabu vya watengenezaji havilisemi. Karibu kila silabi yetu inaishia na irabu, na irabu ndizo zenye nguvu ya sauti, tena nyingi ziko masafa ya chini, yaani upande wa sauti nzito; masafa ya juu ni upande wa sauti nyembamba. Mtoto aliyepoteza masafa ya juu tu huzisikia vizuri. Ukimwita "Asha!" anageuka, ukipiga ngoma anacheza, na bibi anaapa kwamba mtoto hana tatizo lolote. Kinachompita ni s, sh, f, th, ch, k, t na h, na kwetu sauti hizo hubeba sarufi. Viambishi vya ngeli na vya ukanushi hukaa mwanzoni mwa neno, ilhali mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo sehemu inayoeleza nani, ngapi na ndiyo au hapana ndiyo inayotamkwa kwa unyonge zaidi. "Kisu kimeanguka" na "visu vimeanguka" humfikia zikiwa karibu sawa. "Baba atakuja" na "Baba hatakuja" zinatofautiana kwa h moja, sauti dhaifu kuliko nyingi. Mtoto wa namna hii hukua akiwa na majina ya vitu, lakini sentensi zake ni mifupa isiyo na viungio, na mwalimu wa darasa la kwanza humwona mzito wa kuelewa.

Basi shimesikio linapimwa kwa s na h. Kusikia mlango ukigongwa si kipimo.

Vya kulipia na vya kuacha

Cha kwanza ni upana wa masafa. Tafuta kifaa kinachofika angalau hezi 6,000, na zaidi ya hapo ni bora, maana nguvu kubwa ya s iko kati ya 4,000 na 8,000. Cha pili ni kikomo cha sauti ya juu kabisa ambacho mtaalamu anaweza kukiweka, ili honi ya lori isimuumize mtoto wala kuumaliza usikivu uliobaki. Kuna kitasa cha mlango wa betri, ambacho kwa mtoto wa chini ya miaka 3 si cha hiari. Kuna kitaa kidogo kinachoonyesha kwamba kifaa kimewaka, kwa kuwa mtoto wa mwaka mmoja hawezi kukuambia kimezima. Hakikisha pia kinapokea maikrofoni ya mbali ya mwalimu, na kwamba kina kumbukumbu ya saa za matumizi, ambayo tutairudia.

Idadi ya chaneli, muunganisho wa simu na programu za kubadilisha mazingira hazimwongezei mtoto wa miaka 2 neno hata moja. Kama fedha inatosha kwa kifaa kimoja cha daraja la juu au viwili vya daraja la kati, chukua viwili vya kati. Masikio mawili ndiyo yanayomwezesha kujua sauti inatoka wapi na kuichambua katika kelele.

Teknolojia ya kuhamisha masafa ya juu kuyashusha chini inastahili sifa kwa watoto ambao masafa hayo yamekufa kabisa. Ikizidishwa, hata hivyo, s huanza kusikika kama sh, na mtoto hawezi kutofautisha "saba" na "shaba", wala "kosa" na "kosha". Mtaalamu anapaswa kuiwasha kwa kiwango kidogo kinachotosha s isikike, kisha asimame hapo. Kama mtoto wako alikuwa anatamka s na baada ya marekebisho akaanza kutamka sh, rudi kliniki useme hivyohivyo. Ni taarifa yenye thamani.

Vikuza sauti vya bei rahisi vinavyouzwa mtandaoni na kwenye maduka ya simu, vile vyenye kigurudumu na vizibo vya mpira vya saizi tatu, tunavipa sifuri kwa mtoto. Hupandisha kila kitu kwa pamoja, vikiwemo vishindo vya masafa ya chini ambavyo mtoto tayari anavisikia, na vingi havina kikomo cha kuaminika.

Kufungiwa kifaa: swali moja la kuuliza

Uliza: "Mmepima sauti ndani ya sikio la mtoto?" Tundu la sikio la mtoto mchanga ni dogo, na sauti ileile ikiingia kwenye nafasi ndogo huwa kali zaidi, katika masafa ya juu inaweza kuzidi ya mtu mzima kwa zaidi ya desibeli 10. Mtaalamu akikadiria kwa wastani wa watu wazima, mambo mawili hutokea. Ama kifaa kinakuwa kikali na mtoto anakivua kila dakika, ama fundi mwoga anashusha kila kitu na s inapotea. Dawa yake ni kipimo cha dakika chache: mrija mwembamba wa silikoni unapitishwa kando ya moldi, sauti inapigwa, kompyuta inasoma. Mtoto hahitaji kujibu chochote, anaweza hata kuwa amelala. Namba hizo huingizwa kwenye kanuni ya ukokotoaji ya watoto, kama DSL, na kifaa hurekebishwa humo. Kipimo kirudiwe kila moldi mpya inapotoka, kwa kuwa sikio limekua.

Kliniki isiyo na mashine hiyo bado inaweza kutumia wastani wa umri wa mtoto uliochapishwa. Hilo linavumilika. Lisilovumilika ni kifaa kilichowekwa namba kiwandani na kufungwa bila karatasi ya vipimo vya usikivu mezani.

Moldi ndiyo inayoharibu mambo

Kifaa chenyewe hudumu miaka 4 au 5. Moldi ya mtoto mchanga hudumu wiki 4 hadi 8, kisha sikio linaikua. Baada ya mwaka wa kwanza inafika miezi 3 hadi 6. Hii ndiyo gharama ambayo wazazi wengi hawaambiwi siku ya kukabidhiwa boksi: mwaka wa kwanza weka bajeti ya jozi 6 au zaidi.

Dalili ya moldi iliyopitwa ni ule mlio wa filimbi. Sauti inavuja pembeni, inarudi kwenye maikrofoni, inakuzwa upya. Wengi hupunguza sauti ya kifaa ili filimbi inyamaze, na hapo ndipo lugha inapopotea kimyakimya, kwani wanapunguza hasa masafa ya s. Fanya jaribio hili kwanza: vua kifaa kikiwa kimewaka, ziba tundu la moldi kwa kidole. Filimbi ikikoma, uvujaji uko kati ya moldi na sikio: moldi ndogo, haikukaa vizuri, au nta imejaa. Filimbi ikiendelea, tatizo liko kwenye mrija uliopasuka, ndoano iliyolegea (ile inayopinda juu ya sikio na kuunganisha kifaa na mrija) au ndani ya kifaa.

Kuna filimbi isiyo na ubaya. Mtoto akibebwa mgongoni kwa kanga, sikio hulala kwenye mgongo wa mama na kifaa kinapiga kelele. Geuza uso wake upande wa pili, au tumia muda huo kumbeba mbele ambako anaona mdomo wako pia. Kwa wasichana wanaovaa hijabu, kitambaa chepesi cha tabaka moja hakizuii kitu cha maana. Kitambaa kizito kilichokunjwa mara mbili na kubanwa hufifisha masafa ya juu na kuleta filimbi.

Moldi ya mtoto iwe ya silikoni laini, si ya plastiki ngumu. Omba kipimo cha moldi mpya kabla filimbi haijaanza, hasa kama kliniki hutuma vipimo maabara ya mbali. Moldi inayorudi baada ya mwezi mmoja hukuta sikio lililokwisha kukua. Usipake mafuta ya mgando ili iingie. Hushika uchafu na kuharibu silikoni. Mrija ukigeuka njano na kukakamaa ubadilishwe, kawaida kila miezi 3 hadi 6.

Usafi ni kazi ya jioni. Chomoa mrija kwenye ndoano, osha moldi peke yake kwa maji ya vuguvugu na sabuni, puliza maji yatoke kwenye mrija kwa kipulizio cha mpira, iache ikauke hadi asubuhi. Kifaa hakiguswi na maji. Wakati wa kurudisha angalia alama: nyekundu ni kulia, buluu ni kushoto. Kuchanganya ni rahisi kuliko unavyodhani, na kama masikio yana viwango tofauti, mtoto atavumilia siku nzima kelele upande mmoja na ukimya upande mwingine.

Betri na unyevu

Modeli nyingi za watoto hutumia betri namba 13, yenye kibandiko cha rangi ya chungwa, au 675, yenye kibandiko cha buluu, kwa vifaa vya nguvu kubwa. Ni betri za zinki zinazofanya kazi kwa hewa. Ukibandua kibandiko, iache wazi dakika 2 hadi 5 kabla ya kuiingiza. Ukifunga haraka hufa mapema. Ikishabanduliwa inaanza kuisha, hata ukirudisha kibandiko. Namba 13 ikidumu siku 10, masikio mawili yanakula betri 73 kwa mwaka, yaani kadi 12 za betri sita sita na moja juu. Namba 675 ikidumu wiki mbili, ni betri 52. Nunua kadi chache kwa wakati mmoja na usome tarehe ya mwisho; betri iliyokaa juani dirishani mwa duka hufa siku ya tatu. Betri ikimezwa, au ikiingizwa puani au sikioni, mpeleke mtoto hospitali papo hapo bila kumtapisha.

Modeli za kuchaji huondoa shughuli hiyo yote na kwa familia yenye umeme wa uhakika tunazipendekeza. Umeme ukikatika usiku mzima, mtoto anakwenda shule bila masikio.

Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam: unyevu ndio adui wa kwanza. Matone hujikusanya ndani ya mrija, sauti inakuwa kama inatoka chini ya maji au inakatika. Kila usiku toa betri, weka kifaa kwenye kikopo chenye vidonge vya kukausha na ukifunge. Betri ikiachwa humo hukauka pia. Usikaushe kwa jua wala kwa mashine ya nywele.

Kipimo cha kila asubuhi

Omba wakukabidhi mrija wa kusikilizia, unaofanana na wa daktari, uusikie mwenyewe mlio wa kifaa. Kisha fanya kipimo cha sauti sita kilichobuniwa na Daniel Ling: m, u, a, i, sh, s. Kwa bahati zote zimo katika Kiswahili. Simama mita 1 nyuma ya mtoto, au funika mdomo kwa kitambaa chepesi, na utamke moja moja kwa sauti ya mazungumzo, ukibadilisha mpangilio na urefu wa kimya katikati. Ukifuata mdundo mmoja atabahatisha. Mtoto wa miaka 2 na nusu anaweza kutumbukiza kizibo cha soda kwenye kikombe kila anaposikia. Wa chini ya mwaka, angalia macho, kugeuka, au kuacha kunyonya. Kisha rudi nyuma hadi mita 2 na 3.

Majibu yanakuonyesha hitilafu iko wapi. Amekosa s na sh tu, na jana alizisikia: tazama maji au nta kwenye mrija. Amekosa m na u: moldi imelegea, masafa ya chini yanavuja. Amekosa zote: betri. Akikosa zote na betri ni mpya, mpeleke akachunguzwe masikio siku hiyohiyo au kesho yake. Inaweza kuwa maji nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua, au usikivu wenyewe umeshuka.

Saa za kuvaa

Kifaa hurekodi wastani wa saa kinazotumika kwa siku, na mtaalamu husoma namba hiyo kwenye kompyuta. Iombe kila mnapokwenda. Katika utafiti wa Marekani uliofuatilia watoto wenye uziwi mdogo hadi mkali, uliochapishwa na Bruce Tomblin na wenzake mwaka 2015, waliovaa zaidi ya saa 10 kwa siku walipiga hatua zaidi za lugha kuliko waliovaa pungufu. Mtoto anayevaa saa 4 shuleni na kuvuliwa nyumbani "ili kisipotee" amebakiwa na lugha ya darasani tu. Mazungumzo ya jikoni, ugomvi wa ndugu na hadithi za jioni zinampita. Kamba yenye kibanio inayoshikizwa nyuma ya shati huzuia upotevu. Kwa wachanga, kitambaa cha kichwani chenye mifuko ya kifaa hufanya kazi vizuri, mradi kisifunike maikrofoni kwa kitambaa kizito.

Uhesabu pia umri wa usikivu. Mtoto wa miaka 3 aliyeanza kuvaa kikamilifu mwaka jana ana mwaka 1 wa kusikia. Mlinganishe na mwenzake wa mwaka 1 kabla ya kukata tamaa, na kabla ya kulaumu kifaa.

Udhaifu ambao hakuna modeli iliyoumaliza ni umbali. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua desibeli 6. Mwalimu akihama kutoka mita 1 hadi 4 amepoteza 12, na maikrofoni ya kifaa inakuza madawati yanayoburutwa kama inavyokuza maneno yake. Darasa la bati wakati wa mvua, shimesikio peke yake halifai kitu. Maikrofoni ya mwalimu inayotuma sauti moja kwa moja kwenye kifaa hutatua hilo, lakini bei yake ni nzito, na shule nyingi hazina. Mbadala wa bure: kiti cha mbele, sikio zuri likielekea kwa mwalimu, na mwalimu asiyesema huku ameugeukia ubao.

Alama zetu: kifaa 4 kati ya 5. Moldi 5 pale kliniki ilipo karibu na inapima upya kwa wakati. 2 pale mtoto anaposubiri mwezi mzima.

Wasiofaa kupewa

Mtoto mwenye usaha sikioni asifungiwe moldi juu ya usaha. Inaziba hewa na kuchochea maradhi. Tibu kwanza. Usaha ukiwa wa kudumu, au sikio halina tundu, uliza kifaa cha kupitisha sauti kwenye mfupa kinachoshikiliwa na mkanda laini wa kichwani.

Mwenye uziwi wa desibeli 90 kwenda juu anaweza kuvaa kifaa chenye nguvu kuliko vyote na bado asipate sauti za kusemea. Akivaa ipasavyo miezi 3 hadi 6 bila dalili ya kusikia sauti sita, afanyiwe tathmini ya kupandikizwa kifaa cha usikivu, ambacho waya wake huingizwa ndani ya sikio la ndani kwa upasuaji. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza upandikizaji huo mwaka 2017. Aliyepata uziwi kwa homa ya uti wa mgongo asingojeshwe hata hiyo miezi, kwa sababu sikio la ndani linaweza kujaa mfupa na kumzuia daktari kupitisha waya. Na kwa wote hawa, lugha ya alama ianze leo, Lugha ya Alama ya Tanzania au ya Kenya kulingana na mlipo. Kumnyima alama ili "ajitahidi kusema" ni kumwacha bila lugha yoyote katika miaka ambayo ubongo unaihitaji kuliko wakati mwingine, na ushauri huo bado unatolewa na watu wenye makoti meupe.

Kabla ya kulipa, pata majibu ya maandishi kwa haya: dhamana ni ya miaka mingapi na je, inagusa unyevu na kupotea, marekebisho na vipimo vya moldi vya mwaka wa kwanza vimo kwenye bei au kila kimoja ni malipo mapya, kifaa kikiharibika kinatengenezwa nchini au kinatumwa nje, na mtoto ataazimwa kingine kwa wiki hizo. Muuzaji asiye na kifaa cha kuazima, hata akipunguza bei, kwa mtoto wa chini ya miaka 3 sisi tungempita.